Nuru Ndiyo Shahidi wa Ndege

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi siwapingi wazee wetu, lakini leo naomba ruhusa niwaongezee neno moja. Mwenye macho akipewa picha haambiwi tazama, anaambiwa uliza. Uliza jua lilikuwa upande gani. Uliza picha ilipigwa kwa filamu ya namna gani. Uliza negativu yake iko wapi. Asiyeuliza haya ataonyeshwa ukungu, aambiwe ni ndege, naye ataitikia naam.

Mnadhani nazidisha? Mwaka 2013, jimbo la Connecticut huko Marekani lilitunga sheria iliyogusa swali la nani aliyeruka kwanza kwa ndege yenye injini. Miaka yote tumefundishwa shuleni kwamba ni ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mwaka 1903. Sheria ile ikawaondoa ndugu hao katika siku ambayo jimbo huadhimisha urukaji, na mahali pao ikamweka Gustave Whitehead, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia jimboni humo, ambaye inadaiwa aliruka mwaka 1901. Na miongoni mwa mambo yaliyoyafufua madai hayo mwaka ule ilikuwa picha moja. Picha gani hiyo? Nitaieleza mbele kidogo. Kwanza tuelewane kwa nini ndege ni mtihani mgumu kwa mpiga picha.

Mtu akienda studio, fundi humwekea taa kushoto na kulia, akamwambia kaa hivi, inua kidevu. Ndege haiambiwi inua kidevu. Iko juu, inakwenda mbio, na nyuma yake kuna mbingu, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote katika picha. Isitoshe, nuru inatoka juu na wewe umesimama chini. Kwa hiyo unachokiona ni tumbo la ndege, yaani upande wa kivuli. Kamera ikipimwa kwa mbingu, mawingu yanatoka vizuri, lakini ndege inakuwa kipande cheusi kama mwewe. Ikipimwa kwa ndege, tumbo linaonekana, lakini mbingu inaungua na kuwa karatasi nyeupe. Na ndege nyeupe ikipita mbele ya wingu jeupe, basi humezwa kabisa.

Ile tofauti baina ya sehemu nyeupe na sehemu nyeusi za picha, wenye kazi yao huiita kontrasti. Ikizidi inaficha, ikipungua inaficha vilevile. Ni kama chumvi katika mchuzi. Ndiyo maana wapiga picha wa ndege hupenda asubuhi na jioni, wakati jua limeinama na nuru inaingia ubavuni mwa ndege. Saa sita ya mchana, hasa kwetu huku karibu na ikweta, jua linasimama utosini. Mgongo wa ndege unawaka na tumbo linakuwa giza.

Haya, sasa turudi katika historia.

Tarehe 6 Mei 1896, kwenye mto Potomac, kusini ya Washington, Samuel Langley, katibu wa taasisi ya Smithsonian, alirusha ndege ndogo isiyokuwa na mtu, iliyoendeshwa kwa injini ya mvuke. Aliyekuwapo na kamera ni rafiki yake Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Bell alipiga picha, na mpaka leo tunaiona ile mashine yenye jozi mbili za mabawa ikiwa hewani juu ya maji. Serikali ya Marekani ikampa Langley dola 50,000 atengeneze ndege kubwa ya kubeba mtu. Ndege hiyo ilitumbukia mtoni tarehe 7 Oktoba 1903, na ikatumbukia tena tarehe 8 Desemba mwaka huo huo. Kamera zilikuwapo, na picha za maanguko hayo nazo zipo. Kamera haina upendeleo. Humwandika anayeshinda na anayeshindwa.

Siku 9 baada ya Langley kushindwa, ndugu wawili waliokuwa na duka la baiskeli mjini Dayton walikuwa kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, karibu na kijiji cha Kitty Hawk, jimbo la North Carolina. Watu wengi hawajui kwamba ndugu hawa walikuwa pia wapiga picha. Nyumbani kwao walikuwa na chumba chao cha giza cha kusafishia picha. Kila majaribio waliyoyafanya waliyapiga picha, si kwa ajili ya kujionyesha, bali kwa kujifunza. Picha kwao ilikuwa daftari.

Asubuhi ya tarehe 17 Desemba 1903 kulikuwa na baridi kali na upepo mkali. Orville alikuwa na kamera ya kampuni ya Gundlach, aina ya Korona, iliyotumia vioo vya inchi 5 kwa 7. Aliisimamisha juu ya stendi ya miguu mitatu, akailenga mahali ambapo alikadiria kwamba ndege itakuwa imeiacha reli. Kisha akamkabidhi John T. Daniels, mmoja wa watu wa kituo cha kuokoa mabaharia, kipira cha mpira cha kubonyeza. Akamwambia, ikinyanyuka, bonyeza. Baada ya hapo Orville akaenda kulala kifudifudi juu ya bawa la chini, mahali pa rubani.

Saa 4 na dakika 35 ndege ikanyanyuka. Ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda futi 120. Daniels akabonyeza.

Hebu ikumbukeni picha hiyo, maana wengi wenu mmepata kuiona vitabuni. Mabawa yale yalivikwa kitambaa cheupe cha pamba, na nyuma yake ni mbingu iliyopauka. Kwa kanuni niliyoieleza, ndege ilipaswa kumezwa. Lakini haikumezwa. Nguzo za mbao zinaonekana zimesimama safu moja. Mwili wa Orville unaonekana umelala katikati. Upande wa kulia yuko Wilbur, amevaa nguo nyeusi, ameliachia bawa sasa hivi tu na bado amekaa mkao wa mtu anayekimbia. Mchangani ziko nyayo za watu, liko benchi, liko na koleo. Na la muhimu kuliko yote, kati ya ndege na mchanga kuna nafasi, kadiri ya futi 2, ambayo nuru inapita. Nafasi ile ndiyo ushahidi wote. Mchanga ungekuwa mweusi, au ndege ingekuwa imepoteza umbo lake katika weupe wa mbingu, nafasi ile isingesomeka, na hivi leo tungekuwa tunabishana kama iliruka au ilikuwa bado inateleza juu ya reli.

Watu hupenda kumsifu Daniels kwa bahati yake. Mimi namsifu, lakini namsifu zaidi aliyechagua mahali pa kuisimamisha kamera. Mambo yote ya nuru yaliamuliwa kabla injini haijawashwa. Kamera ilikaa wapi, imeelekea wapi, ndege itakuwa mbali kiasi gani; hayo Orville aliyamaliza mapema. Kilichobaki kwa Daniels ni kidole na ujasiri.

Siku ile ndege iliruka mara 4, na safari ya mwisho ilichukua sekunde 59 na kwenda futi 852. Ndugu wale wakampelekea baba yao simu ya maandishi kumpa habari njema. Lakini fikirini jambo hili: walipopeleka simu ile hawakujua kama picha imetoka. Kioo kilisafirishwa hadi Dayton, kikasafishwa katika chumba chao cha giza, na hapo ndipo walipoiona ndege yao ikitokea taratibu ndani ya dawa.

Wakaiweka. Wakati huo walikuwa wakilinda uvumbuzi wao, na hati ya haki miliki waliipata Mei 1906. Magazeti ya Ulaya yaliwadhihaki, wengine wakawaita waongo. Picha ile haikutolewa hadharani mpaka Septemba 1908, katika jarida la Century la Marekani, wakati Wilbur alikuwa ameshaanza kuruka mbele ya umati huko Ufaransa. Machi 1913 mafuriko makubwa yakaupiga mji wa Dayton, na vioo vyao vikazama majini. Kioo cha tarehe 17 Desemba kilibanduka pembeni kidogo tu, ndege haikuguswa. Leo kioo hicho kimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Anayetaka kukichunguza yuko huru. Mnaona maana ya negativu? Ni kama shina la mti: majani yanaweza kuchumwa na kila mtu, lakini shina liko pale pale.

Sasa tumrudie Whitehead. Gazeti moja la mji wa Bridgeport liliandika Agosti 1901 kwamba fundi huyu ameruka kadiri ya nusu maili. Habari ile ilipambwa kwa mchoro wa mkono, haikuwa na picha. Picha za mashine yake zipo, na ni nzuri, lakini zote mashine imekaa chini. Januari 1906 kulikuwa na maonyesho ya mambo ya anga mjini New York, na mwandishi wa jarida moja la sayansi akataja kwamba ukutani kulikuwa na picha moja yenye ukungu, ikionyesha mashine ya Whitehead ikiwa hewani. Picha hiyo haijapatikana. Kilichopatikana ni picha ya ukuta wenyewe, na ukutani humo, kwa mbali, picha ndogo ndogo zimening'inia.

Mwaka 2013 mtafiti mmoja aliikuza sehemu ndogo ya picha ya ukuta ule mara nyingi sana, mpaka punje za filamu zikawa kubwa kama kokoto, akasema anaiona ndege ya Whitehead ikiruka. Mhariri wa kitabu cha mwaka cha Jane's, ambacho kwa mambo ya ndege kinaheshimiwa mno, akaandika katika dibaji yake kwamba Whitehead ndiye wa kwanza. Miezi michache baadaye Connecticut ikapata sheria yake. Kwa haki niseme kwamba picha haikuwa hoja pekee. Kulikuwa na habari za magazeti, na maelezo ya mashahidi yaliyokusanywa katika miaka ya 1930, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio. Lakini picha ndiyo iliyowapa watu moto.

Wachunguzi wengine wakafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa kwanza. Walikilinganisha kile kivuli na picha nyingine zilizo wazi za wakati ule. Wakaonyesha kwamba mistari yake inalingana na ndege isiyo na injini ya John Montgomery, iliyopigwa picha California mwaka 1905 ikiwa imetundikwa. Haikuwa ya Whitehead, na wala haikuwa inaruka. Mwaka 2015 wachapishaji wa Jane's wakatangaza kwamba maoni ya dibaji ile yalikuwa ya mhariri, hayakuwa ya kampuni.

Wafuasi wa Whitehead wanayo hoja moja ambayo siipuuzi. Mwaka 1948, taasisi ya Smithsonian ilipopewa ndege ya ndugu Wright, ilitia saini mkataba wa kutomtambua mtu mwingine kuwa ni wa kwanza. Mimi naona makumbusho hayapaswi kujifunga mdomo namna hiyo. Lakini mkataba mbaya hausafishi picha mbaya. Kama mwenye nyumba amekosea, haina maana kwamba mpangaji amelipa kodi.

Ndugu zangu, ukungu si udanganyifu pekee katika picha za ndege. Hata picha kali, iliyo safi kama kioo, inaweza kusema lugha usiyoijua. Filamu za zamani hazikuziona rangi kama macho yetu yanavyoziona. Aina iliyotumiwa sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa nyepesi kwa buluu, lakini kwa nyekundu ilikuwa kipofu. Basi buluu ilitoka imepauka, na nyekundu ikatoka nyeusi.

Matokeo yake ni nini? Ndege za Waingereza zilichorwa alama ya duara, buluu nje na nyekundu katikati. Za Wafaransa zilikuwa kinyume: nyekundu nje, buluu katikati. Katika picha za wakati ule, alama ya Mwingereza ina ukingo uliopauka na kiini cheusi. Ya Mfaransa ina ukingo mweusi na kiini kilichopauka. Anayejua tabia ya filamu ile atazitambua mara moja. Asiyejua atafuata macho yake, aseme rangi nzito bila shaka ni buluu, na hapo atakuwa ameshawapa Wafaransa ndege za Waingereza.

Chukueni na yule rubani wa Ujerumani, Manfred von Richthofen, aliyeitwa Baroni Mwekundu. Wekundu wa ndege yake katika picha za vita ni weusi au kijivu kizito tu. Alipouawa tarehe 21 Aprili 1918, askari waliichanachana ndege yake wakagawana vipande vya kumbukumbu. Vipande vya kitambaa vilivyobaki katika makumbusho, pamoja na maandishi ya watu wa wakati ule, ndivyo vinavyotuambia habari ya rangi. Picha peke yake isingetosha.

Baadaye zikaenea filamu zinazoona rangi zote, na wapiga picha wakajifunza kuweka kioo cha rangi mbele ya kamera. Kioo cha njano hupunguza buluu ya mbingu, ikawa nzito kidogo, na mawingu yakajitokeza. Kioo chekundu huifanya mbingu karibu kuwa nyeusi, na ndege ya rangi ya fedha ikang'aa kama samaki. Mwingereza Charles E. Brown alijenga jina lake kwa picha za ndege zikiwa juu ya mawingu, naye akiwa ndani ya ndege nyingine. Ukiwa juu ya wingu jeupe, nuru hurudi kutoka chini na kulipa mwanga lile tumbo la ndege ambalo sisi wa ardhini huliona jeusi.

Maji nayo hufanya kazi hiyo hiyo, na hapo ndipo habari hii inapofika kwetu. Mswisi Walter Mittelholzer, rubani na mpiga picha, aliondoka Zürich Desemba 1926 kwa ndege ya kutua majini, akapita Ziwa Victoria, akafika Cape Town Februari 1927. Mwaka 1930 akaruka juu ya Kilimanjaro. Picha zake zimehifadhiwa Zürich. Na kuanzia mwaka 1937, ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Wazee waliozishuhudia walizitazama katika nuru mbili: moja kutoka juu na nyingine kutoka majini. Ukipata picha ya ndege kama hiyo, tazama tumbo lake. Likiwa na mwanga wakati wa jua la utosini, usishangae; ziwa lilikuwa limeshika taa.

Leo mambo yamezidi kuwa magumu. Simu ya mkononi inaweza kupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja, ikaziunganisha, ikalipa tumbo mwanga na mbingu rangi, bila wewe kuiomba. Zaidi ya hapo, kompyuta inaweza kutunga picha ya ndege ambayo haijapata kuruka mahali popote, na nuru yake ikawa nzuri kuliko ya kweli. Ajali ikitokea, kabla wahusika hawajafika, picha zimeshazunguka mji mzima, nyingine za ajali ya nchi nyingine na mwaka mwingine, na jamaa za abiria wanalia kwa picha isiyo yao. Hapo swali la nuru si la wapiga picha tena. Ni la sisi sote tunaonunua magazeti na kupelekeana picha.

Basi nawapeni maswali matatu mwende nayo nyumbani. Kivuli kimeanguka upande gani, na je, kinapatana na saa na mahali tulipoambiwa? Rangi au weusi huu ni wa kitu chenyewe, au ni wa chombo kilichoipiga picha? Na picha ya asili iko wapi, nani anaitunza, na je, mtu mwingine anaruhusiwa kuitazama?

Picha ya Kitty Hawk imejibu maswali hayo kwa zaidi ya miaka 100, tena ikiwa imepita kwenye mikono ya mtu asiye fundi na katika maji ya mafuriko. Ile ya ukutani New York haikuweza kujibu hata moja, na bado ilisaidia kuzaa sheria. Bunge linaweza kupiga kura juu ya jina la siku, lakini haliwezi kupiga kura juu ya mahali jua lilipokuwa.

Kwa juma hili nakomea hapo.